Ugenini Perugia: Hodi na Karibu

Mwanafunzi wa Kiafrika afikapo Perugia, mji wa kale ulio juu ya kilima katikati ya Italia, hujiona bubu. Amekuja kujifunza Kiitalia katika Chuo Kikuu cha Wageni, ambacho masomo yake yalianza mwaka 1921. Lakini mtihani wa kwanza hauko darasani. Akikusudia kukaa zaidi ya siku 90, sheria humtaka aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi tangu kuwasili. Huchukua fomu posta, huzijaza kwa lugha asiyoijua, kisha huitwa polisi kutoa alama za vidole. Risiti ya posta huitunza kama mboni ya jicho.

Kibali hicho huitwa “permesso”. Siku moja jirani mzee humwalika chakula, naye husikia wageni wenzake wakitamka neno hilo hilo mlangoni, na mwenyeji akijibu, “Avanti!” Kumbe ni hodi na karibu! Mzee naye haambiwi “tu”, bali “Lei”, kwa heshima. Aliyelelewa kwa shikamoo hafundishwi mara mbili.

Wazazi wafungao mizigo ya vijana wakumbuke: adabu ya nyumbani haijazi sanduku.