Usisaini Juu ya Tangi la Boda: Vile Mchezaji Huwa Huru, Kutoka Alaskan Malindi Hadi Australia

Wacha tuseme wewe ni winga. Ni Jumamosi jioni, uwanja wa Alaskan hapa Malindi umejaa hadi kwa ukuta. Beki wa watu umemzungusha mpaka amekaa chini, na umefunga mbili. Unatoka ukipanguza jasho, msee mmoja wa miwani anakufuata na makaratasi. Anasema kuna klabu ya Nairobi inakutaka, ngiri hamsini iko mkononi sai sai, we weka tu sahihi hapo chini. Boda imepaki kando, unaweka karatasi juu ya tangi, unasaini. Hujasoma hata mstari mmoja.

Miezi nane baadaye mshahara unaingia ukipenda, klabu nyingine inakutaka na inalipa vizuri, na hapo ndipo unaambiwa ulisaini miaka mitano. Huendi popote, mwanangu.

Kila dirisha la uhamisho likifunguliwa mtaa mzima huwa unaongea: huyu ameuzwa, yule amekopeshwa, yule mwingine ameenda bure. Lakini ukiuliza wasee kumi mchezaji huru ni nani, nane watakuambia ni yule amekosa timu. Zii. Mchezaji huru anaweza kuwa ndiye anatafutwa zaidi kwa soko. Hebu tuichambue hii kitu polepole, ju inaweza kukuokolea miaka.

Huru ni tarehe

Kwenye soka, sheria za uhamisho hutoka FIFA, halafu mashirikisho kama FKF hapa Kenya yanazifuata. Sheria hizo zinagawa wachezaji mara mbili. Kuna wa kulipwa, yaani yule ana mkataba wa maandishi na analipwa zaidi ya gharama zake za kucheza. Wengine wote ni wa ridhaa. Kama unapewa nauli ya matatu na soda baada ya mechi, wewe bado ni wa ridhaa, hata kama jina lako limechorwa nyuma ya tuk-tuk.

Ukishasaini mkataba, klabu inayokutaka lazima iongee na klabu yako kwanza. Hapo ndipo pesa ya uhamisho inatokea. Hiyo pesa si bei yako wewe kama ng'ombe wa mnada. Ni malipo ya kufanya klabu yako ikubali mkataba uvunjwe kabla ya siku yake. Mkataba ukibaki mrefu, bei inapanda. Ukibaki mfupi, bei inashuka. Ukiisha, hakuna cha kununua. Mchezaji anaondoka, na pesa ambayo ingeenda kwa klabu anaweza kuidai yeye kwa mshahara na pesa ya kusaini.

Kuna kitu wengi hawajui: mkataba ukibakisha miezi sita au chini, uko huru kusaini na klabu nyingine, ila utaanza kuichezea huu wa sasa ukiisha. Na mchezaji ambaye mkataba wake uliisha kabla dirisha halijafungwa, anaweza kusajiliwa hata baada ya dirisha kufungwa.

Uhuru huu haukuletwa na klabu. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, mkataba wake na RFC Liège uliisha mwaka 1990 na alitaka kwenda Ufaransa, lakini klabu ilikataa kumwachilia bila kulipwa. Akaenda kortini. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikasema mkataba ukiisha, umeisha. Kufikia hapo miaka yake mizuri ya mpira ilikuwa imeshapita. Wengine wote tunakula matunda yake.

Aliyengoja na aliyekatiza

Mifano mizuri iko hapo tu ng'ambo ya Lunga Lunga. Clatous Chama, yule fundi wa Zambia, alikuwa kipenzi cha Simba. Mkataba wake ulipoisha mwaka 2024, Julai ikaanza na Yanga wakamtangaza. Kwa mashabiki wa Simba ilikuwa kama msiba, lakini kisheria hakuna aliyekuwa na la kusema.

Sasa muangalie Feisal Salum, Fei Toto, kijana wa Zanzibar. Desemba 2022 alitaka kutoka Yanga wakati mkataba wake ulikuwa unaenda hadi 2024. Akaweka kwa akaunti ya klabu shilingi za Tanzania milioni 112, akihesabu pesa aliyopewa kusaini na mishahara ya miezi mitatu, akasema nimejinunua. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema huyu bado ni mchezaji wa Yanga. Kijana akakaa nje nusu msimu. Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika bila yeye. Mambo yalikuja kutatuliwa Juni 2023, baada ya hata Rais Samia kuomba hadharani wamalizane, na klabu mbili zikaelewana, akaenda Azam.

Ni Yanga ileile kwenye stori zote mbili, na wachezaji wote wawili walikuwa na kipaji. Tofauti ni moja: mmoja alitembea na tarehe, mwingine alitaka kuiruka. Kuvunja mkataba bila sababu halali kunaleta fidia, na ukifanya hivyo miaka ya mwanzo ya mkataba unaweza pia kufungiwa kucheza miezi minne au zaidi.

Kama hulipwi je?

Hii ndiyo sababu halali ambayo mchezaji wa Kenya anafaa kuijua kama namba yake ya simu. Klabu ikikudai ucheze na haijakulipa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia barua kuidai na kuipa angalau siku 15 ilipe yote. Siku hizo zikipita bila pesa, una haki ya kuvunja mkataba na kuondoka huru, na bado unaweza kudai ulichofanyia kazi.

Angalia neno *barua*. Si kumlilia kocha, si kuposti status saa saba usiku, si kususia mazoezi. Ukisusia tu, klabu itasema wewe ndiye umetoroka. Na usidhani klabu kubwa haziguswi: Gor Mahia na AFC Leopards zote zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji wapya ju ya madeni ya watu waliozifanyia kazi.

Huko Australia hawanunui, wanabadilishana

Sasa, usidhani dunia nzima inafanya hivi. Kuna mpira mwingine, ule wa Australia, wa uwanja wa duaradufu na mpira umechongoka kama yai, unashikwa na mikono na kupigwa teke. Ligi yao inaitwa AFL. Huko klabu haitoi hata shilingi kumnunua mchezaji wa klabu nyingine. Na kuna mzaliwa wa Kenya aliyepitia mfumo huo: Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma kule Turkana mwaka 1994, kwa wazazi wa Sudan Kusini, kisha familia ikahamia Australia.

Mchezaji mchanga wa AFL hachagui timu. Kila mwaka kuna drafti: klabu zinapanga foleni na kuchagua vijana, na timu iliyofanya vibaya zaidi inatangulia. Lengo ni wanyonge nao wapate vipaji. Pia kuna kikomo cha mishahara, tajiri asikusanye mastaa wote. Aliir alichukuliwa na Sydney Swans kwa drafti ya 2013.

Kuhama nako ni kubadilishana. Msimu ukiisha, klabu zinakaa mezani: nipe mchezaji wako, nikupe wangu, au nikupe nafasi yangu kwa foleni ya drafti. Mwisho wa 2020 Sydney walimpeleka Aliir Port Adelaide na kupewa nafasi ya drafti ya mwaka uliofuata. Yaani walimtoa mtu mzima wakapata zamu ya kuchagua kijana ambaye hata hawamjui bado. Mwaka 2021 Aliir akaingia kikosi bora cha ligi nzima. Unaona nani alicheka.

Uhuru je? Huko hata mkataba ukiisha, mchezaji wa kawaida hajawa huru kabisa, bado klabu hupatana juu yake. Uhuru unapimwa kwa miaka ya utumishi. Tangu 2012, ukikaa klabu moja misimu minane, unaanza kuupata. Lakini kama wewe ni kati ya wanaolipwa zaidi pale klabuni, uhuru huo una kamba: klabu yako inaweza kulingana na ofa uliyopewa na ikakubakisha. Ndivyo Lance Franklin alivyotoka Hawthorn mwaka 2013. Sydney walimwekea miaka tisa na dola milioni 10 za Australia, Hawthorn wakaangalia hiyo hesabu, wakanyoosha mikono. Na klabu inayopoteza mchezaji huru, ligi inaweza kuipoza kwa nafasi ya drafti.

Kwa hivyo AFL inalinda usawa wa timu, na mchezaji anangoja miaka mingi. Soka inampa mchezaji mlango mapema, lakini ni juu yake kujua mlango uko wapi. Huku kwetu hakuna drafti ya kukuchagulia. Kuna wewe, ile karatasi, na kalamu.

Timu ya mtaa nayo ina haki yake

Kuna mtu anasahaulika kila mara: kocha aliyekufunza mpira bure ukiwa darasa la sita, kwenye uwanja wa mchanga kule Watamu au Karisa Maitha pale Kilifi. Sheria inamkumbuka, ila kupitia klabu iliyosajiliwa.

Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba kuisha, asilimia 5 ya pesa hiyo inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Tuchukue mfano. Kijana wa Malindi anauzwa shilingi milioni 100. Timu yake ya mtaa ilimlea tangu miaka 12 hadi 15: kila mwaka ni robo ya asilimia moja, jumla asilimia moja, yaani milioni moja. Ikiwa ilikaa naye pia akiwa 16 na 17, kila mwaka ni nusu asilimia, milioni nyingine. Milioni mbili! Hiyo ni mipira, viatu, na nauli za mechi za ugenini kwa miaka.

Masharti ni mawili. Kwanza, timu iwe imejiunga na FKF na kijana awe amesajiliwa kwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa ya kweli. Kama alicheza kwa kitambulisho cha binamu yake, rekodi haipo. Pili, lazima kuwe na pesa ya uhamisho. Akienda akiwa huru, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri, ingawa kuna fidia nyingine ya malezi kwa vijana wanaosaini nje mkataba wao wa kwanza.

Dada, hii pia ni yako

Kilifi ndiko Moving the Goalposts imekuwa ikichezesha wasichana mpira tangu 2001, kwa hivyo msidhani hii ni stori ya wavulana. Sheria za mkataba ni zilezile. Zaidi ya hapo, tangu 2021 FIFA inataka mchezaji wa kulipwa akipata mimba apewe likizo ya wiki 14 au zaidi akilipwa angalau theluthi mbili ya mshahara, na klabu haiwezi kumfuta kwa sababu hiyo. Ukiona mkataba unasema kinyume, uliza.

Kabla kalamu haijagusa karatasi

Huu ni mji ambao Kitaliano kinaongewa hadi sokoni, na ahadi za Ulaya ni rahisi kuliko viazi karai. Kwa hivyo chanuka. Ajenti halali ana leseni ya FIFA, na majina yao yako kwa tovuti ya FIFA. Kutafuta jina ni dakika mbili. Ukiwa chini ya miaka 18, kusajiliwa nchi nyingine kumekatazwa isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wako kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Anayekuambia atakupeleka ukiwa na 16 ukalipie viza kwanza anataka pesa ya mama yako, si goli lako.

Halafu hiyo karatasi, ipeleke nyumbani. Tafuta vitu vinne: unaanza lini, unaisha lini, mshahara ni ngapi na unalipwa tarehe gani, na kama kuna kipengele cha klabu kuuongeza yenyewe bila kukuuliza. Kisheria mkataba hauzidi miaka mitano, na ukiwa chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Mpe mwalimu, shangazi anayefanya kazi kwa ofisi, yeyote anayesoma polepole, naye auangalie. Bakisha nakala yako, piga picha kila ukurasa.

Kama kweli wanakutaka, watakutaka hata Jumatatu. Na kama tayari ulishasaini mahali, fanya kitu kimoja leo kabla hujalala: toa hiyo nakala, tafuta tarehe ya mwisho, uhesabu nyuma miezi sita. Andika hiyo siku kwa simu yako. Hiyo ndiyo siku mlango wako unaanza kufunguka.