Kubadili Prosesa ya Kompyuta: Hesabu Kabla ya Bisibisi

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika shuleni na maofisini katika kisiwa cha Unguja hazikuundwa na fundi wa Mjini. Zilitoka kiwandani zikiwa kamili, na si chache zilizofika kisiwani baada ya kutumika miaka kadhaa katika nchi nyingine. Muda ukipita, mashine ya namna hiyo huanza kusuasua: huchelewa kuwaka, hukwama mwalimu anapofungua picha za somo la biolojia, na wanafunzi waliokusanyika mbele ya kioo kimoja hubaki wakingoja. Hapo ndipo hutolewa shauri kwamba prosesa ibadilishwe. Shauri hilo laweza kuwa jema, na pia laweza kupoteza fedha za shule. Kinachoamua ni mambo machache ambayo hata mwanafunzi wa sekondari aweza kuyapima na kuyapigia hesabu.

Kazi ya prosesa

Prosesa ni kipande cha silikoni kinachotekeleza amri za programu kwa kasi kubwa. Intel 4004, prosesa iliyotolewa mwaka 1971, ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Prosesa nyingi za siku hizi zina mabilioni, nazo hugawanywa katika viini, yaani sehemu ziwezazo kufanya kazi kwa wakati mmoja.

Uchukuliwe mfano wa Dell OptiPlex 7040, kompyuta ya kizazi cha miaka ya 2015 na 2016. Iliuzwa kwa prosesa za aina mbalimbali. Mojawapo ni Core i3-6100, yenye viini 2 na mizunguko bilioni 3.7 kwa sekunde. Nyingine ni Core i7-6700, yenye viini 4 na mizunguko bilioni 3.4, iwezayo kupanda hadi bilioni 4. Kwa kuwa mtengenezaji mwenyewe aliziweka zote mbili katika mashine hiyo, ya kwanza yaweza kutolewa na ya pili ikawekwa mahali pake. Hata hivyo, kwa kazi inayotumia kiini kimoja tu, kutoka bilioni 3.7 hadi bilioni 4 ni ongezeko la asilimia 8 hivi. Faida kubwa hupatikana pale tu programu inapoweza kuvigawia viini vyote kazi.

Tundu kulingana si kukubaliana

Prosesa hukaa katika soketi ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi. Soketi ya mashine iliyotajwa ina vijisindano 1,151, vyembamba mno, na kimoja kikipinda ubao waweza kuharibika. Mwaka 2017 zilitoka prosesa za kizazi cha nane zenye idadi hiyohiyo ya miguso. Mtu huweza kudhani kwamba zitafaa, maana zinalingana kwa umbo. Lakini mpangilio wa miguso inayopitisha umeme ulibadilishwa, na ubao wa zamani hauzikubali. Kwa hiyo yafaa isomwe orodha ya mtengenezaji wa kompyuta, wala isitoshe kupima kwa macho.

Tena kuna bayosi, yaani programu ndogo iliyomo katika ubao, ambayo huitambua prosesa kompyuta inapowashwa. Mara nyingine hulazimu bayosi isasishwe kwanza. Kazi hiyo huchukua dakika chache, lakini umeme ukikatika katikati yake, ubao waweza kufa kabisa. Wakazi wa Unguja hawahitaji kufundishwa juu ya kukatika kwa umeme. Kisiwa hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya upitao chini ya bahari, na hitilafu zilikiacha gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulikamilishwa mwaka 2013, ila kukatika kwa dakika moja kunatosha kuleta hasara hiyo. Kwa hiyo bayosi isiguswe pasipo betri ya akiba.

Kanuni ya Amdahl

Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alionyesha kwamba faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi hupimwa kwa ukubwa wa sehemu hiyo katika kazi nzima. Daladala iendayo Makunduchi ikingoja abiria dakika 40 na kusafiri dakika 80, safari nzima ni dakika 120. Injini ikitiwa nguvu hadi mwendo ukaongezeka maradufu, safari haiwi dakika 60, bali 80, kwa kuwa injini haiwaiti abiria.

Ndivyo ilivyo kompyuta. Tuseme kufungua somo huchukua sekunde 100, na kati ya hizo prosesa hufanya kazi sekunde 30, ilhali sekunde 70 ni za kungoja diski ya kuzunguka. Prosesa yenye kasi maradufu itapunguza 30 ziwe 15, na jumla itakuwa sekunde 85. Lakini diski hiyo ikibadilishwa kwa diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, na ikawa na kasi mara 10, basi 70 zitakuwa 7, na jumla itakuwa sekunde 37. Kwa mashine ya namna hii, prosesa haikuwa mgonjwa.

Joto la kaskazi

Kila wati inayoingia katika prosesa hutoka ikiwa joto. Core i3-6100 imekadiriwa kwa wati 51, na Core i7-6700 kwa wati 65. Kipozaji kinachopandisha joto kwa nyuzi 0.6 kwa kila wati kitaifanya ya kwanza izidi joto la chumba kwa nyuzi 31 hivi, na ya pili kwa nyuzi 39. Katika chumba chenye nyuzi 33 wakati wa kaskazi, ya pili itafika nyuzi 72, jambo lisilo na hatari. Lakini vumbi likiziba kipozaji hadi nyuzi 0.6 zikawa 1.2, hesabu inatoa nyuzi 111. Prosesa hiyo haiwezi kufika huko. Inapokaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Hivyo mashine chafu yaweza kuwa nzito hata ikiwa na prosesa bora. Kusafisha feni na kupaka upya girisi ya kupitishia joto hugharimu kidogo sana.

Umri wa programu

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma za kawaida za bure kwa Windows 10. Windows 11 huhitaji, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane au cha baadaye, isipokuwa chache tu. Prosesa zote mbili zilizotajwa ni za kizazi cha sita, na ubao wao haupokei cha nane. Basi kubadili moja kwa nyingine hakuondoi kizuizi hicho. Shule yenye mashine hizo yaweza kutumia Linux, mfumo usiouzwa, badala ya kuzitupa. Kutupa nako kuna gharama: ubao wa kompyuta una metali zenye sumu, na Unguja ni kisiwa cha takriban kilomita za mraba 1,660 tu.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wawashe kompyuta mara tatu na kupima kwa saa muda hadi iwe tayari, kisha watafute wastani. Halafu wafungue meneja wa kazi, wafanye kazi yao ya kawaida, na kuandika asilimia za matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski kila baada ya sekunde 10. Ikiwa diski iko asilimia 100 na prosesa asilimia 20, fedha ziende kwenye diski. Kumbukumbu ikijaa, iongezwe kumbukumbu. Prosesa ikishikilia asilimia 100 kwa muda mrefu, ilhali feni ni safi na ubao unaikubali prosesa kubwa zaidi, hapo ndipo bisibisi ishikwe.