Kicheko Kilichomliza Jirani

Hadithi ya mfululizo ina jambo moja ambalo kitabu kilichokwisha hakina: msomaji hujibu na mtungaji angali na kalamu mkononi. Siku hizi mtu husoma sehemu ya hadithi katika simu, akasifu au akatukana usiku huo huo. Msidhani ni jambo jipya.

Mwingereza Charles Dickens alilijua mapema. The Pickwick Papers ilianza kutoka mwaka 1836, kijitabu kimoja kila mwezi kwa shilingi moja, na mwanzo wanunuzi walikuwa haba. Katika kijitabu cha nne akaingia Sam Weller, msafisha viatu wa nyumba ya wageni, mwepesi wa ulimi na mzaha. Watu wakampenda papo hapo. Hadithi ilipokaribia ukingoni mwaka 1837, mauzo yalikuwa yakifikia kama nakala 40,000 kwa mwezi.

Lakini si kila kicheko huja na heri. Desemba 1849, katika mfululizo wa David Copperfield, Dickens alimleta Miss Mowcher, mwanamke kibeti, mtengeneza nywele, domo kaya, ambaye dalili zote zilionyesha kuwa atatiwa katika uovu. Jirani yake mmoja wa London hakucheka. Bibi Jane Seymour Hill, kibeti vile vile, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza miguu na kucha za watu, alijiona mwenyewe mle. Akamwandikia kwamba maumbile yake yamemtia uchungu miaka mingi, ila hajapata kuumizwa na mtu mwenye kipawa kama chake.

Dickens hakujificha nyuma ya neno “hadithi tu.” Alikiri kuwa baadhi ya sifa alizitwaa kwake, akaahidi kugeuza mambo. Na kweli, mwaka 1850 Mowcher alirejea akilia, akamsihi David asidhani kuwa kilema cha mwili ni kilema cha moyo. Baadaye yeye ndiye aliyemng’ang’ania mwovu Littimer hata akakamatwa.

Kiraka chaonekana, sikatai. Mowcher wa kwanza na wa pili hawalingani, na yule wa kwanza ndiye achekeshaye zaidi. Mimi mwenyewe nimewahi kumfanyia mtu wa mtaani stihizai katika beti, watu wakacheka, nami sikurudi kushona chochote. Dickens alishona. Hata hivyo kijitabu cha Desemba kilikuwa kimekwisha kununuliwa na kusomwa majumbani, na Bibi Hill alipaswa kupita mbele ya milango hiyo hiyo kwenda kazini.