Mume Alikuwa Wapi? Kiswahili na Ufasiri wa Masimulizi ya Anguko

1.0 Utangulizi



Ni heshima kubwa kwangu kuzungumza mjini Babati juu ya maandishi ambayo wengi wetu tunadhani tumekwisha kuyajua, yaani sura ya tatu ya Kitabu cha Mwanzo. Mji huu ulio kando ya ziwa, chini ya mlima Kwaraa, ni mahali panapofaa kujadili tafsiri. Wagorowa na Wairaqw wenye lugha za Kikushi, Warangi na Wambugwe wenye lugha za Kibantu, na Wadatoga wenye lugha ya Kinilo, wote hukutana hapa katika Kiswahili, sokoni, kanisani na msikitini. Kwa hiyo, jinsi Kiswahili kinavyolisimulia kosa la kwanza la mwanadamu ni jambo linalogusa maisha ya watu, wala si hoja ya wanataaluma peke yao.

Tumesikia mara nyingi, kwa utani na kwa kweli, kwamba mashaka ya dunia yaliletwa na mwanamke. Katika mhadhara huu nitauliza swali moja: mwanamke alipolila lile tunda, mume alikuwa wapi?

2.0 Matini yalivyofika kwetu

Sura hii ina nafasi ya pekee katika historia ya Kiswahili. Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji huo. Sura tatu za kwanza za kazi yake zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa taaluma za Mashariki. Hivyo masimulizi ya Adamu na Hawa yamo miongoni mwa maandishi ya Biblia yaliyotangulia kupigwa chapa kwa lugha yetu, na yalipitia mikono ya Mkristo na ya Mwislamu. Baadaye zilikuja tafsiri nyingine, zikiwamo ile ya Karl Roehl ya mwaka 1937, iliyojitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, na tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo mpaka leo husomwa sana makanisani.

3.0 Maneno yasiyomo

Hatua ya kwanza ya ufasiri ni kutofautisha kati ya yale yaliyoandikwa na yale tuliyoyaongeza. Neno "anguko" halimo katika sura ya tatu. Neno "dhambi" nalo halimo. Linajitokeza kwa mara ya kwanza katika sura ya nne, katika habari za Kaini. Wala tunda halikutajwa jina. Haya yametokana na wafasiri wa baadaye, na kila mmoja wao aliifasiri habari hii kwa lugha aliyokuwa nayo.

Mfano ulio maarufu ni wa Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430. Yeye aliusoma Waraka kwa Warumi, sura ya tano, kwa Kilatini, mahali panapoweza kueleweka kwamba watu wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Kiyunani cha asili kinaeleweka zaidi kuwa kifo kiliwafikia watu wote kwa sababu wote walitenda dhambi, na Kiswahili cha tafsiri ya Muungano kinafuata maana hiyo. Neno dogo la kuunganisha liliyapa nguvu mafundisho makubwa juu ya dhambi ya asili.

Kurani nayo inasimulia kosa hilo, lakini humo wote wawili wanateleza, wote wawili wanatubu, na kosa lao halirithiwi na watoto. Kiswahili kimeyapokea mapokeo yote mawili. Tunaposema "binadamu" au "mwanadamu", tunamtaja mtoto wa Adamu, awe mume au mke, bila kuulizana dini.

4.0 Neno lililoanguka njiani

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika Kiebrania, aya ya sita inasema kwamba mwanamke alimpa mumewe aliyekuwa pamoja naye. Tafsiri ya kale ya Kiyunani ililihifadhi neno hilo. Tafsiri ya Kilatini ya Jeromu ililiacha. Tafsiri ya Muungano nayo haina "pamoja naye". Msomaji wa Kiswahili hupata vitenzi vyenye kiambishi -ka-, akala, akampa, naye akala, kila tendo likifuata jingine; basi huweza kumwona mwanamke akichuma peke yake bustanini, kisha akienda kumtafuta mume asiyejua lolote. Tafsiri iitwayo Neno imelirudisha neno hilo, na kwa kulirudisha imebadilisha picha nzima: mume yupo, anasikia, ananyamaza, anakula.

Hata hivyo, Kiswahili kilichopoteza ushahidi huo kimetunza mwingine ambao Kiingereza cha leo hakiwezi kuutunza. Katika Kiebrania nyoka anasema na mwanamke kwa wingi. Kiingereza cha leo kina neno moja kwa mmoja na kwa wengi, lakini sisi tunatofautisha "hutakufa" na "hamtakufa". Nyoka wa Kiswahili husema "hamtakufa". Mwanamke naye hujibu kwa nafsi ya wingi. Sarufi yetu, basi, imeendelea kutuambia kwamba jambo hili liliwahusu wawili.

Zaidi ya hayo, agizo la kutokula alipewa mwanamume kabla mwanamke hajaumbwa. Macho ya wote wawili yalifumbuliwa baada ya wote wawili kula. Naye aliyeitwa kwanza kujibu ni mwanamume, ambaye mara moja alimsingizia mkewe, na hata Mungu aliyempa mke huyo. Nyani haoni kundule. Anayesema leo kwamba kosa lote ni la Hawa anarudia utetezi wa mshtakiwa akidhani ni hukumu ya hakimu.

Najua atakuwapo atakayenikumbusha Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, unaosema kwamba aliyedanganywa ni mwanamke. Ni kweli umo. Lakini Waraka kwa Warumi unamtaja Adamu, wala haumtaji Hawa. Mfasiri mwaminifu hana budi kuzisikiliza sauti zote mbili.

5.0 Uchungu na laana

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Katika sura hii waliolaaniwa ni nyoka na ardhi. Mwanamume na mwanamke hawakulaaniwa. Wanaambiwa habari ya uchungu, na Kiebrania kinatumia neno lilelile kwa uzazi wa mke na kwa kilimo cha mume.

Mkulima wa Babati anapolima mahindi na mbaazi kwa plau au kwa trekta, hakuna anayemwambia kwamba anavunja amri ya kula kwa jasho. Miiba tunaing'oa. Mbona basi uchungu wa mwanamke na kutawaliwa kwake vihesabiwe kuwa sheria? Mwaka uleule wa 1847, tabibu James Young Simpson wa Edinburgh, aliyetumia dawa ya usingizi kwa wazazi, ilimbidi aandike kijitabu kujibu pingamizi za kidini. Jibu lake moja lilikuwa kwamba Mungu mwenyewe alimtia Adamu usingizi mzito kabla ya kuutwaa ubavu wake.

Kwetu suala hili halijawa la kale. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16, asilimia 58 ya wanawake wa Mkoa wa Manyara walikuwa wamekeketwa. Katika ule wa mwaka 2022 walikuwa asilimia 43. Sisemi kwamba Kitabu cha Mwanzo ndicho chanzo. Mila hiyo ni kongwe kuliko mahubiri. Ninachosema ni kwamba msichana anayefundishwa kuwa maumivu ni fungu lake kwa ajili ya kosa la Hawa hunyimwa neno la kujitetea. Tukumbuke pia kwamba katika imani ya jadi ya Wairaqw, Looaa, mwenye kuhusishwa na jua na wema, ni wa kike. Fikra kwamba ubaya uliingia duniani kwa mlango wa mwanamke ni mgeni katika nchi hii.

6.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba masimulizi haya yanasema machache kuliko tunavyoyasemesha, na kwamba neno moja likidondoka katika tafsiri, lawama hupata mahali pa kuota. Kazi ya mtaalamu wa Kiswahili si kuwaambia waumini waamini nini. Kazi yake ni kuwarudishia neno lililodondoka, kisha awaachie wasome wenyewe. Mtakaporudi nyumbani, ifungueni sura hiyo, someni aya ya sita kwa sauti, na mwulize kila aliyeketi nanyi: mume alikuwa wapi?