Firefly: Tamthilia iliyofutwa hewani ikapata watazamaji kwenye DVD

Kituo cha televisheni cha Fox nchini Marekani kiliiondoa Firefly hewani Desemba 2002, baada ya kuonyesha sehemu 11 tu. Mwaka mmoja baadaye ilitoka kwenye DVD, na watu ambao hawakuwahi kuisikia wakaanza kuinunua na kuazimana. Hadithi ni ileile na waigizaji ni walewale. Kwa nini basi ilishindwa kwanza na kupendwa baadaye?

Firefly ilibuniwa na Joss Whedon, ambaye wakati huo alikuwa amejipatia jina kwa tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer. Hadithi inatokea mwaka 2517. Binadamu wameihama Dunia na kwenda kuishi katika sayari na miezi ya mbali. Katikati kuna serikali tajiri yenye teknolojia ya hali ya juu, inayoitwa Alliance. Pembezoni kuna makoloni maskini ambako watu wanapanda farasi, wanafuga ng'ombe na kutembea na bastola kiunoni. Ndiyo maana wengi huiita tamthilia ya kikauboi ya anga za juu. Ndani yake hakuna viumbe wa ajabu kutoka sayari nyingine, ni binadamu watupu na shida zao.

Mhusika mkuu ni nahodha Malcolm Reynolds, anayeigizwa na Nathan Fillion. Alipigana vita dhidi ya Alliance, upande wake ukashindwa. Sasa ana chombo kikuukuu kiitwacho Serenity, kinachobeba mizigo ya halali na ya magendo, na ndani yake wanaishi watu tisa. Whedon alipata wazo hilo baada ya kusoma The Killer Angels, riwaya ya Michael Shaara kuhusu mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alitaka kuwafuata watu waliobaki baada ya vita, wale ambao historia haikuwachagua.

Watu wa ulimwengu huo wanazungumza Kiingereza, na wakikasirika wanatukana kwa Kichina. Hapo kuna dosari isiyofichika: Kichina kimejaa kila mahali, lakini kati ya waigizaji wakuu tisa hakuna hata mmoja mwenye asili ya China.

Mwanzo ulioonyeshwa mwisho

Whedon alianza kwa sehemu ya saa mbili, nayo ikiitwa Serenity. Humo tunaona vita vilivyomvunja nahodha, tunaona abiria wakipanda chombo mmoja mmoja, na tunagundua kwamba daktari kijana aliyepanda na sanduku kubwa amemficha ndani yake dada yake, River, aliyemtorosha kutoka mikononi mwa serikali. Wakuu wa Fox hawakuridhika. Walitaka msisimko zaidi. Whedon na mwenzake Tim Minear wakaandika sehemu nyingine, The Train Job, kwa siku mbili za mwisho wa wiki, na hiyo ndiyo iliyofungua tamthilia Ijumaa ya tarehe 20 Septemba 2002.

Kwa hiyo mtazamaji wa kwanza alikutana na watu tisa wanaojuana tayari. Huyu binti anayetetemeka ni nani? Kwa nini daktari amejificha kwenye chombo cha wahalifu? Maelezo mafupi yalipachikwa, lakini kuelezwa jambo si sawa na kuliona likitokea. Baada ya hapo mpangilio ulizidi kuvurugika. Sehemu iliyokusudiwa kuwa ya sita ilionyeshwa ya tatu, na iliyokusudiwa kuwa ya nne ikawa ya sita. Mwezi Oktoba mechi za besiboli zikaingilia ratiba. Ile sehemu ya mwanzo ilionyeshwa tarehe 20 Desemba, tamthilia ikiwa imeshafutwa. Sehemu tatu zilizokuwa zimekamilika hazikuonyeshwa na Fox hata kidogo.

Kituo kama Fox hulipwa na wafanyabiashara wanaotangaza bidhaa, kulingana na idadi ya watu walioketi mbele ya televisheni saa ile. Anayeipenda tamthilia kiasi cha kuirudia mara tano huhesabiwa mmoja, sawa na aliyesinzia kwenye kochi. Mashabiki walichanga fedha wakanunua nafasi ya tangazo katika jarida la Variety kuitetea. Haikusaidia.

Kasha la diski nne

DVD zilitoka Marekani tarehe 9 Desemba 2003: diski nne, sehemu zote 14, katika mpangilio aliokusudia Whedon. Picha ilikuwa ya skrini pana, wakati Fox ilikuwa imeonyesha picha iliyokatwa pembeni. Msomaji aliyewahi kukodi sizoni ya 24 au Prison Break akaimaliza kwa siku mbili anaelewa tofauti yake. Hakuna wiki ya kusubiri wala mechi ya kukatiza, na ukisahau jambo unarudi nyuma. Tapeli Saffron, anayemlaghai nahodha katikati ya msimu, anarudi katika sehemu iitwayo Trash. Waliotegemea Fox hawakumwona akirudi.

Jambo jingine ni hesabu. Kufikia 2005 iliripotiwa kwamba nakala zilizouzwa zilikaribia 500,000. Kwa televisheni ya taifa la Marekani idadi hiyo ni ndogo mno. Kwa muuza diski ni watu nusu milioni waliotoa fedha mfukoni kwa tamthilia iliyokufa. Wakati huohuo mauzo ya DVD yalichangia kuirudisha Family Guy, katuni ambayo Fox hiyohiyo ilikuwa imeifuta mwaka 2002.

Studio ya Universal ikakubali kutoa filamu. Serenity, iliyoongozwa na Whedon mwenyewe kwa bajeti ya dola milioni 39, iliingia sinema za Marekani Septemba 30, 2005, na kukusanya takriban dola milioni 40 duniani kote. Ukiondoa mgawo wa majumba ya sinema na gharama za matangazo, hiyo ni hasara. Walionunua kasha walikuwa waaminifu, lakini hawakuwa wengi kiasi cha kubeba filamu ya ukubwa huo, na msimu wa pili haukuja.

Anayetaka kuitazama leo aangalie jambo moja, kwa sababu majina yanachanganya. Sehemu ya kwanza ya tamthilia inaitwa Serenity, na filamu ya 2005 pia inaitwa Serenity. Anza na ile ya saa mbili iliyo kwenye diski ya kwanza. Filamu iache mwisho kabisa: ndiyo inayofichua siri ya River, na baadhi ya wahusika utakaokuwa umewazoea wanafia humo.