Sheria ya mazingira: tuulize kabla mashini hazijaingia mtoni

Katika vijiji vyetu vingi vya mashariki, watu huanza kusema juu ya mto wakati maji yamekwisha kuwa matope. Saa hiyo kampuni iko kazini na karatasi zimekwisha kutiwa sahihi. Lakini sheria ya inchi yetu inawapa wakaaji nafasi ya kusema mapema zaidi. Tunataka kuieleza kwa maneno mepesi.

Msingi ni Katiba ya tarehe 18/2/2006. Kifungu cha 53 kinaweka mambo mawili pamoja: kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira yenye afya, na kila mtu ana wajibu wa kuyalinda. Kifungu cha 54 kinaongeza kwamba uchafuzi au uharibifu unaotokana na kazi za uchumi lazima ulipiwe au urekebishwe.

Halafu kuna Sheria namba 11/009 ya tarehe 9/7/2011, inayoweka kanuni za msingi za kulinda mazingira. Tushike tatu.

Kwanza, kuzuia. Mradi unaoweza kuharibu mazingira, kama vile mgodi mkubwa au kiwanda, lazima ufanyiwe uchunguzi mbele ya kuanza. Mwenye mradi ndiye anayegharimia uchunguzi huo, na ofisi ya serikali iitwayo Agence Congolaise de l'Environnement (ACE) ndiyo inayoupima.

Pili, kusikilizwa. Wakaaji lazima waelezwe mradi ni nini. Ijulikane nani ana haki gani mahali pale. Na maoni yao yakusanywe, hata yale ya kupinga. Mkutano wa kugawa soda na kupiga picha si kusikilizwa.

Tatu, mwenye kuchafua ndiye mwenye kulipa. Upande wa madini, sheria iliyorekebishwa tarehe 9/3/2018 inakaza zaidi: mwenye kibali cha mgodi analipa hasara aliyoleta hata kama hakuna kosa wala uzembe. Tena anapaswa kutenga angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za pale.

Je, sauti ya wakaaji inaweza kufika? Katika mwezi wa nane 2021, wakaaji wa Mwenga walilalamika juu ya uchimbaji wa dhahabu uliokuwa ukiharibu mazingira yao. Gavana wa Kivu ya Kusini alisimamisha kazi za makampuni kadhaa huko. Kusimamisha hakurudishi mto ulivyokuwa. Ndiyo sababu kuuliza mapema ni bora.

Tukumbuke Naboti. Shamba lake lilichukuliwa kwa barua zenye muhuri wa mfalme, na wazee wa mji walikubali. Hata leo ardhi hupotea kwa njia ya karatasi na kimya cha wazee.

Basi kampuni ikija, tuulize maswali manne: kibali chenu kiko wapi? Uchunguzi wa mazingira umefanyika? Ni lini wakaaji waliulizwa, na ni nani waliohuzuria? Mtalipa namna gani mashamba na maji yakiharibika?

Uharibifu ukitokea, tuandike tarehe na mahali, tupige picha, tuandike idadi ya mashamba na visima vilivyoguswa. Tupeleke barua kwa viongozi wa serikali, na tubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tunajua pia kwamba katika sehemu fulani wenye silaha wanalinda migodi. Huko mtu asiende peke yake wala kuandika kwa jina lake peke yake. Barua ipitie kwa viongozi wa kanisa na wa shirika la raia, kwa jina la wengi. Na tusichome mali ya mtu: kesi nzuri huharibika hivyo.

Mwisho, kifungu cha 53 kinatuhusu na sisi. Hatuwezi kuishitaki kampuni kwa ajili ya mto huku makala tunayopikia yametoka katika miti iliyokatwa kwa siri ndani ya mbuga ya Virunga, au huku taka za soko letu zinatupwa ziwani. Mwenye kudai haki yake na atimize wajibu wake. Hapo neno lake litakuwa na uzito mbele ya viongozi.