Beji za kofia za jeshi la Uingereza: namba husema mwaka, lakini si peke yake

Wafanyabiashara wanaopeleka vitu vya kale Ulaya hukutana mara kwa mara na beji za kofia za askari wa Uingereza. Swali la kwanza kwa wakala wa forodha ni umri. Kitu cha kale chenye zaidi ya miaka 100 huingia kwenye kifungu 9706 cha ushuru wa forodha. Kilicho chini ya hapo, kama kina thamani ya kihistoria, hutazamwa katika 9705. Uingereza hutoza 5% tu ya kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zinazokubaliwa kwenye vifungu hivyo, kwa hiyo ankara yenye mwaka wa kubuni inaweza kuleta usumbufu bandarini.

Baadhi ya beji zina namba ya askari iliyogongwa nyuma, mara nyingi kwenye ulimi wa chuma unaochomekwa kwenye kofia. Namba hiyo haikutoka kiwandani. Iligongwa baadaye ili mali isipotee, na ndiyo maana beji nyingi halisi hazina namba kabisa.

Kabla ya Agosti 1920 kila kikosi kilikuwa na hesabu yake, hivyo namba 4127 ingeweza kuwa ya watu kadhaa katika vikosi tofauti. Mwaka 1917 askari wa akiba wa miguu walipewa namba mpya zenye tarakimu 6. Kuanzia 1920 jeshi zima liliingia katika utaratibu mmoja, na kila kikosi kikapewa fungu lake. Wahandisi walianza 1842001, kikosi cha mawasiliano 2303001, Grenadier Guards 2604001. Kwa hiyo namba ya tarakimu 7 haitokani na vita vya 1914 hadi 1918. Tarakimu 8 zinazoanza na 14 ni za walioandikishwa kuanzia 1942, na nyingi za 22 na 23 ni za vijana walioitwa jeshini kwa lazima baada ya vita.

Wasafirishaji watavutiwa na kikosi cha uchukuzi, Army Service Corps, ambacho kiliendesha magari hata katika vita vya Afrika Mashariki. Hapa ndipo wengi hukosea. Fungu lake la 1920 lilianzia 1 hadi 294000, kwa hiyo namba fupi si ushahidi wa uzee. Herufi husaidia zaidi: M2 mbele ya namba humaanisha uchukuzi wa magari wakati wa vita vya kwanza. Angalia pia maandishi ya mbele. Neno "Royal" lilitolewa kwa kikosi hicho mwaka 1918, na mwaka 1965 kikosi kikapewa jina jingine. Beji isiyo na "Royal" lakini yenye namba inayoanza na 14 haiaminiki.

Kisha taji. Lenye matao yaliyopanda na kuviringa kama kuba ni la wafalme, 1901 hadi 1952. Lenye matao yanayobonyea katikati ni la Malkia Elizabeth wa Pili. Tahadhari: Mfalme Charles alirudisha umbo la kuba mwaka 2022, hivyo taji hilo halitoshi tena kuthibitisha umri. Beji za plastiki zilitolewa wakati wa vita vya pili, shaba ilipoadimika, na zile za alumini inayong'aa zilianza miaka ya 1950.

Namba huonyesha askari aliandikishwa lini, haionyeshi beji ilitengenezwa lini. Mtu aliweza kuvaa beji ya zamani. Tena beji za kuiga ni nyingi, na kugonga namba ni kazi ya dakika moja. Tazama kwa kioo cha kukuzia: kama sehemu nyingine imefifia na kuwa nyeusi huku ndani ya mifereji ya tarakimu chuma bado kinang'aa, namba hiyo ni mpya. Usiisugue beji kwa dawa ya kung'arishia kabla ya kupiga picha pande zote mbili, maana rangi hiyo ya uzee ndiyo mnunuzi anayoitafuta.